Kuonja si Kunywa

Amoit,

Sitaanza na kuuliza kama u mzima, kwa sababu uko hapo nyuma ya pazia na nakusikia ukifunga na kufungua hilo sanduku. Liache sasa. Nguo zitafika Namboboto hata zikiwa na mikunjo. Mambo ya sabuni, ya kusalimia watu wa boma la wenyewe, ya kuamka mapema uchote maji, hayo sikuandikii. Unayajua. Na usipoyajua, mama yako mdogo Akisa ana mdomo, atakueleza kabla hujaketi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiteso mimi najua kukisema tu, na siku hizi nikikisema na wewe inakuwa kelele. Jana nilikuita nikuambie jambo la maana, nikajikuta nagomba juu ya kifuniko cha sufuria. Kwa karatasi angalau siwezi kupaza sauti. Usiisome njiani, kesho kuna watu wengi kwa gari na wewe ukisoma midomo yako inacheza. Isome ukishafika.

Tangu turudi kutoka hospitali ya Kocholia mwili wangu umekufa ganzi. Watu wanakuja kunipa pole, nasema asante, nawawekea chai. Jirani yetu alilia hapa mbele yangu mpaka akalowesha leso, na mimi nikawa namwangalia nikifikiria kwamba kuni zimeisha. Wewe mwenyewe uliniuliza, "Mama, kwani hujali?" Najali. Lakini kujali kwenyewe kumekaa mbali, kama mtu anayeniita kutoka ng'ambo ya mto, namwona anapunga mkono na sauti haifiki. Sitaki ufikiri ni hasira. Hasira ninayo pia, kidogo, lakini hiyo ni kitu kingine.

Wacha niseme vile ilianza, kwa sababu wewe ulikuwa mdogo na unafikiri ilianza na wewe.

Ulipozaliwa, bibi yako alichovya kidole kwa chungu cha ajono ya wimbi akakitia mdomoni mwako huku akitaja majina ya watu wetu, moja baada ya lingine. Ulikataa yote. Alipofika Amoit ukanyonya. Watu wakapiga vigelegele, na hivyo ndivyo ulivyopata jina. Hakuna mtoto wa kwetu ambaye hakupita hapo, mimi pia nilipita, na silaumu kidole cha marehemu. Nakuambia tu ujue kwamba kwetu ajono haijawahi kuitwa pombe. Ni chakula, ni heshima, ni mkutano. Pombe ni ile ya wengine. Nimekua nikijua hivyo, na ukikua unajua kitu hivyo hukiulizi swali.

Baba yako alikunywa, mimi nilikunywa. Yeye alivuka kwenda Tororo kutafuta kazi, akapata kazi na mke pamoja. Nikabaki na wewe na ile kazi ya kupika ajono niliyofundishwa na mama yangu, kuloweka unga, kukaanga kwa bati, kuanika, kutia kimea cha wimbi, kungoja. Nilipika vizuri na nilikunywa vizuri zaidi. Wateja walikuwa wanasema, mama huyu anapika chungu mbili, moja yetu na moja yake. Nilikuwa nacheka nao. Ulikuwa na miaka sita siku niliyolala hapo mlangoni nikaamka asubuhi nikakuta umenifunika na gunia, na umekaa kando yangu unafukuza kuku wasinikanyage.

Wiki ile kulikuwa na mkutano wa injili kule karibu na reli. Nilienda. Nikaokoka, na sikuokoka kwa mchezo. Nilisimama mbele ya watu nikaapa kwamba pombe haitagusa mdomo wangu tena mpaka nife. Nililia siku hiyo, Amoit. Wakati huo nilikuwa bado najua kulia.

Lakini kula tungekula nini? Shamba lilikuwa la baba yako na ndugu zake walilima mpaka ukutani. Nikamwuliza mchungaji kama naweza kuendelea kupika bila kunywa. Alikuna kichwa, akasema Mungu anaangalia moyo. Nikachukua hilo jibu haraka kabla hajalibadilisha.

Sasa wewe unajua, kuliko mtu yeyote hapa Malaba, kwamba mpishi ambaye haonji hapiki. Kuna siku ya kuonja kimea kikishaingia, kuna siku ya kuonja kabla ya kumimina maji ya moto. Ukikosea, wateja wanavuta kwa mrija mara moja wanatema, wanaenda kwa mwingine. Chungu cha kwanza baada ya kuokoka nilikipika kwa pua. Ikatoka chachu kama siki. Cha pili nikamwomba mteja wetu Mzee Etyang anionjee, akaonja nusu ya chungu, akasema hana uhakika.

Cha tatu nikakuita wewe.

Ulikuwa unacheza nje. Nikakupa mrija, ule mfupi, nikasema, "Vuta kidogo tu, uniambie kama imeiva." Ukavuta. Ukakunja uso, ukafikiri kama mtu mzima, ukasema, "Mama, bado. Inauma hapa nyuma." Ukaonyesha nyuma ya ulimi. Ukawa umesema kweli. Kesho yake ukaonja tena ukasema imeiva, na ikawa imeiva. Wateja walisifu chungu kile wiki nzima.

Nilimshukuru Mungu, ndiyo. Nilipiga magoti hapo jikoni nikamshukuru kwa kunipa mtoto mwenye ulimi. Sikuona kitu. Mdomo wangu ulikuwa safi. Wako ulikuwa unaonja, na kuonja si kunywa. Ningemwambia mtu yeyote hivyo bila kupepesa macho.

Ukawa maarufu. Mzee Etyang akawa haketi kabla ya kuuliza, "Msichana ameonja?" Nikisema ndiyo, anachomoa mrija wake kutoka ndani ya ile fimbo yake yenye uwazi na kukaa. Nikisema uko shule, anasema atangoja. "Mimi sivuti kitu hakijapita kwa daktari," anasema, na wote wanacheka, na wewe ukirudi na yunifomu yako unacheka pia. Nilijivunia. Mama wengine walikuwa na watoto wa kuchunga ng'ombe, mimi nilikuwa na wewe.

Halafu ikaja ile miaka trela za chakula cha msaada cha kwenda Rwanda zilipojaza barabara. Unakumbuka foleni ilivyokuwa, madereva wanalala chini ya magari yao, wengine wanakaa mpaka wanajua majina ya mbwa wetu. Nilikuwa napika mara moja kwa wiki, nikaanza kupika karibu kila siku. Kila siku chungu, kila chungu wewe. Ulikuwa darasa la saba. Ndipo ulipoanza kusema "bado" sana. "Bado, mama. Ngoja kidogo nionje tena." Baada ya kukoga, "Bado kidogo." Baada ya chakula, "Wacha nihakikishe." Nilijua ajono yangu, Amoit. Harufu peke yake ilikuwa inaniambia imeiva. Nilisikia hiyo "bado" yako, nikainuka nikaenda kugeuza unga kwa bati.

Na Jumapili. Nitasema hili pia kwa sababu usiku wa kuamkia leo halikuniacha. Mara nyingi ulikuwa umeonja alfajiri, na kanisani unakaa na mimi kwa benchi la kwaya. Nilikuwa nachuma majani ya mpera nyuma ya choo nakupa utafune njiani. Ukiuliza ya nini, nasema ni ya meno. Kisha nasimama kutoa ushuhuda, nasema miaka yote hii pombe haijagusa mdomo wangu, watu wanapiga makofi, na wewe unapiga makofi pamoja nao. Kwa hivyo mtu akikuambia mama yako hakujua, mwambie kuhusu hayo majani.

Sitaandika mengi juu ya siku ya kufunga shule. Ulikuwepo, ingawa unasema hukumbuki. Wenzako wananiambia waragi, ile pombe kali, ilitoka ng'ambo ya mpaka, imefungwa kwa mifuko ya nailoni ndani ya begi la vitabu, mkaenda kando ya mto mkaanza kushindana nani atamaliza chupa ya soda imejaa. Wengine walionja wakakohoa. Wewe ukasema, "Nipeni, mimi nimezaliwa ndani ya hii kitu." Nilipoambiwa neno hilo nilijua ni kweli ulisema, kwa sababu ni maneno ya wateja wangu. Ukainua ukamaliza. Ulifikiri ni kama ajono, utajua wapi pa kusimama. Waragi haikupi nafasi ya kusema bado.

Macho yalipokugeuka ukaanguka, wakakimbia. Usiwachukie sana. Ni watoto, na walikuwa wamelewa pia. Aliyekukuta ni mama wa mandazi, na ni yeye aliyemtuma mtu wa bodaboda ya baiskeli kuja kuniita.

Nilikuwa nimeshika sufuria ya maji ya moto. Wateja wameketi, mirija iko ndani. Yule mtu wa baiskeli akasema, "Mama, msichana wako ameanguka kule mtoni, hapumui vizuri." Nikamsikia. Nikasema, "Ngoja nimalize kumimina." Nikamimina maji yote, polepole, kuzunguka chungu, vile inavyotakiwa. Nikaweka sufuria chini, nikafuta mikono, ndipo nikapanda baiskeli. Ganzi unayoniuliza ilianza hapo. Mzee Etyang aliniambia baadaye kwamba alinipigia kelele, "Mama Amoit, enda! Enda wewe!" Sikumsikia.

Kule Kocholia sista aliniuliza kama wewe unakunywa pombe. Nikamwambia, "Hapana, sista. Sisi ni watu wa kanisa." Sikuwa nadanganya. Hiyo ndiyo sehemu inayonitisha. Ulipoamka siku ya pili akakuuliza wewe, na mimi niko hapo nimeshika kikombe cha uji. "Umeanza kunywa lini?" Ukasema, kwa ile sauti iliyokwaruza, "Nilikuwa darasa la kwanza." Nikaruka: "Huyo alikuwa anaonja tu! Kuonja si kunywa!" Wodi nzima ikageuka. Sista hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, hebu nishikie hii dripu," nikaishika, na sikuwa na mahali pengine pa kuangalia ila mkono wako. Ulikuwa unatetemeka. Si baridi. Nilikuwa nimeishi na mkono kama huo miaka mingi, wa baba yako, asubuhi, akitafuta kikombe. Na wangu pia.

Nilitamani nife hapo. Hilo nalisema wazi. Halafu likapita, na tangu hapo sijatamani kitu.

Mwalimu mkuu amesema nikutafutie shule nyingine na Akisa amekubali kukaa na wewe. Kwake hawapiki ajono. Mume wake ni mtu wa muhogo na njugu na kanisa la Kianglikana, ananyamaza mpaka unasahau yupo. Utachoka na utulivu wa pale. Choka tu.

Lakini nisikudanganye kwamba Namboboto ni mbinguni. Kuna matanga kule, kuna harusi, kuna vijana, na mpaka hauko mbali. Utapewa. Mtu atakuambia, onja tu. Sijui la kukufundisha ujibu, kwa sababu mimi ndiye wa kwanza aliyekuambia hivyo, na ulinitii.

Kitu kimoja nakuomba, usiape. Najua Akisa atataka usimame kanisani uape, anapenda mambo ya kusimama. Mkatalie kwa heshima, mwambie mama amesema. Mimi niliapa mbele ya umati, na ili nitunze kiapo changu nilihitaji mdomo wa mtu mwingine. Mtu akishaapa anaanza kulinda kiapo, anasahau kilikuwa cha nini. Wewe kaa bila kunywa leo. Ukifika jioni, sawa. Kesho ni kesho.

Na ukianguka, kwa sababu unaweza kuanguka, mwambie Akisa siku hiyo hiyo. Usitafute majani ya kutafuna. Mficha uchi hazai, na sisi wawili tumeficha vya kutosha. Atapiga kelele, atataja jina la mama yetu, atalia. Akimaliza atakupikia uji. Namjua, ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni.

Kuna swali uliniuliza juzi tukikunja nguo na sikujibu. Uliuliza, "Mama, mimi nikienda, utajuaje kama imeiva?" Hukuwa unanicheka. Ulikuwa na wasiwasi kweli, wasiwasi wa mtu anayeacha kazi yake bila mrithi. Nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku. Jibu ni hili. Jana ulipokuwa umeenda kuaga wenzako, nilichukua ule mrija mfupi nikavuta mwenyewe. Miaka kumi ya kuokoka, nikavuta. Nilifikiri mbingu itaanguka, au nitataka zaidi, au nitalia. Sikusikia kitu. Hata ladha sikuisikia. Nilikaa na ile kitu mdomoni nikashindwa kujua kama ni mbichi au imeiva, nikaitema kwa majivu, nikamimina maji tu. Mzee Etyang akauliza, "Nani ameonja?" Nikasema, "Mimi." Akavuta, akachomoa mrija wake, akasema pole pole, "Mama Amoit, hii ni mbichi." Wakaondoka mmoja mmoja, kwa adabu.

Nimemwambia mke wa mchungaji asubuhi. Amesema nitakaa benchi la nyuma mpaka wazee wa kanisa wakutane. Nimemwambia sawa. Ni karibu na mlango, kuna hewa.

Sitakuambia nimeacha kupika. Karo yako ya muhula huu imetoka kwa chungu hiki hiki, na sijui niicheke hiyo au niilie. Nimesikia kuna wanawake wanaochukua omena kule Osieko na kuileta sokoni Busia. Nataka kujaribu. Samaki nikimwonja sihitaji mtoto. Lakini sijajaribu bado, kwa hivyo usimwambie mtu mama yako ameacha.

Sasa nisikilize. Krismasi usije nyumbani. Akisa atataka kukuleta, wewe pia utataka, na mimi nitataka kuliko nyinyi wote. Usije. Unajua vile huwa hapa, kila boma lina chungu na kila mtu anakujua kwa ulimi wako. Wataita, "Daktari amerudi!" na watakupa mrija mkononi kabla hujaweka mzigo chini, kwa upendo kabisa.

Nitakuja mimi. Nitavaa gauni ambalo halijawahi kuingia jikoni, na nitafua leso mara mbili. Lakini ajono inaingia kwa nywele, inaingia kwa ngozi ya mikono, na pua yangu imeizoea, haiwezi kuniambia ukweli. Kwa hivyo nikifika usinikimbilie. Toka nje kwanza, simama karibu na mimi, unuse. Kama kuna kitu ndani yako kinaamka, hata kidogo, usinionee haya na usiseme huyu ni mama. Rudi ndani ufunge mlango. Mimi nitakaa hapo uani na Akisa, ninywe chai yake, kisha nipande gari la kurudi. Sitakasirika, mwanangu. Nitakuwa nimekuona.

Mama yako